Kabla ya Kulipa Karo ya Kozi ya Eksirei Uganda

Katika hospitali nyingi za Uganda watu watatu huitwa "daktari wa eksirei", na kwa kawaida ni mmoja tu kati yao aliye daktari. Wa kwanza ndiye anayekupokea mlangoni, anahakikisha jina lako, anakusimamisha mbele ya kibao kinachopokea picha, anajificha nyuma ya ukuta wenye madini ya risasi na kubonyeza kitufe. Huyo ni radiografa. Wa pili anakupaka jeli tumboni na kutazama mimba au figo kwa ultrasaundi. Anaweza kuwa radiografa, mkunga aliyeongezewa ujuzi, au sonografa aliyesomea kazi hiyo peke yake. Wa tatu mara nyingi humwoni kabisa. Yuko chumba kingine, pengine mji mwingine, anasoma picha na kuandika ripoti. Huyo ni radiolojisti: alimaliza udaktari wa kawaida kwanza, kisha akarudi darasani kwa shahada ya uzamili.

Kuchanganya watu hawa kunagharimu familia nyingi. Mzazi anauza ng'ombe, mtoto anaandikishwa kozi ya miezi michache ya ultrasaundi, wote wakiamini kwamba mwisho wake ni kazi kwenye chumba cha CT, mashine ya eksirei inayopiga picha za mwili kwa vipande. Siyo. Cheti cha kozi fupi huongeza ujuzi kwa mtu ambaye tayari ana taaluma ya afya. Hakimgeuzi aliyetoka Senior Six, mwaka wa mwisho wa sekondari, kuwa radiografa. Mtandao nao unazidisha ukungu, kwa sababu ukitafuta kwa Kiingereza unaletewa vyuo vya Marekani na mtihani wa ARRT, shirika la kule linalothibitisha maradiografa, ambao tangu 2015 unadai mtahiniwa awe na digrii, angalau ile fupi ya miaka miwili ya vyuo vya kule. Ni njia halali kwao, lakini haikufungulii moja kwa moja mlango wa chumba cha eksirei Mbale au Fort Portal.

Diploma na shahada

Kwa anayeanzia shule ya sekondari, njia kuu ni mbili. Diploma huchukua miaka 3, na inafundishwa, miongoni mwa kwingine, kwenye taasisi ya serikali iliyoko kilima cha Mulago, UIAHMS, ambayo wazee bado wanaiita Paramedical. Shahada huchukua miaka 4. Ya Makerere inafundishwa hukohuko Mulago, si kwenye kampasi kuu. Mengo kuna chuo cha Ernest Cook, kinachofahamika zaidi kwa herufi ECUREI na kwa mafunzo ya ultrasaundi.

Kanuni ya jumla ya kuingia diploma ni kuwa na UACE, cheti cha Senior Six, yenye prinsipo moja (ufaulu kamili wa somo) na subsidiari mbili (ufaulu wa ngazi ya chini yake). Kwa shahada ni prinsipo mbili zilizopatikana katika mtihani mmoja. Hicho ni kizingiti cha chini tu. Kila kozi inaongeza masharti ya masomo, na kwa kazi hii masomo ya kujiandaa nayo ni fizikia, biolojia na kemia. Kwenye vyuo vikuu vya umma kinachoamua hasa ni uzito wa alama. Alama A ina pointi 6, B 5, C 4, D 3, E 2, na O 1. Kisha pointi hizo zinazidishwa: somo la lazima kwa kozi mara 3, somo linalohusiana nayo mara 2, somo linalofaa tu mara 1. C ileile ya fizikia itakupa pointi 12 ikiwa kozi imeiweka kwenye masomo ya lazima, na pointi 8 ikiwa imeiweka kwenye kundi la pili. Wasichana huongezewa 1.5. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu, soma tangazo la mwaka huohuo uone kila somo limewekwa kundi gani, kwani wawili wenye alama zilezile wanaweza kutofautiana pointi nyingi kwa sababu ya mpangilio huo tu.

Ipi bora? Kwa maoni yetu, diploma haina aibu yoyote. Mwenye diploma anapiga picha zilezile kwa mashine zilezile, anaanza kupata mshahara mapema, na anaweza kuomba shahada baadaye kupitia nafasi za wenye diploma. Shahada inampa mtu nafasi pana zaidi kwenye uongozi wa idara, ufundishaji na utafiti. Kinachoumiza si kuchagua diploma. Kinachoumiza ni kuchagua diploma ambayo haitambuliki, na hapo ndipo penye fundo lenyewe.

Vibali vinne ambavyo watu huvichukulia kama kimoja

Matangazo hupenda kuandika "chuo kimesajiliwa na serikali". Uliza mara moja: kimesajiliwa na nani, kwa ajili ya nini? Serikali ina mikono minne hapa, na kila mmoja unashika kitu chake.

Mkono wa kwanza ni ithibati ya elimu. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, linatoa leseni kwa chuo, halafu kwa tendo tofauti linatoa ithibati kwa kila kozi. Chuo kinaweza kuwa na leseni safi kabisa na bado kikawa kinafundisha kozi ya eksirei isiyo na ithibati, au yenye ithibati iliyokwisha muda. Tafuta jina kamili la kozi kwenye orodha ya NCHE, pamoja na ngazi yake. Jina likitofautiana na lile lililo kwenye barua yako ya udahili, usipuuze, hata kama ni neno moja.

Wa pili ni mtihani. Diploma za fani hizi zilikuwa zikitahiniwa na bodi ya UAHEB. Baada ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2025 kazi hiyo imehamia kwenye bodi mpya, UHPAB. Chuo kisichoandikishwa kama kituo cha mtihani kitakufundisha hadi mwisho, kisha kikutafutie pa kufanyia mtihani kwenye chuo kingine. Mara nyingi hapo ndipo majina yanapopotea.

Wa tatu ndio wenye uzito kuliko yote: usajili wa mtu. Baraza la fani shirikishi za afya, AHPC, lililoundwa kwa sheria ya 1996, ndilo linalokusajili na kukupa leseni ya kufanya kazi. Bila usajili huo, cheti chako ni karatasi ya ukutani. Ndiyo maana swali la kwanza kwa chuo chochote liwe hili: waliomaliza hapa mwaka juzi wamesajiliwa AHPC? Omba kuonyeshwa. Chuo chenye jibu hakitakasirika.

Mkono wa nne hauhusu cheti chako bali mionzi yenyewe. Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoanzishwa kwa sheria ya 2008, ndilo linaloruhusu mashine ya eksirei kutumika mahali fulani na kusimamia usalama wa wanaoitumia. Mwanafunzi anapopelekwa mazoezini kwenye kliniki ambayo mashine yake haina kibali hicho, anajifunza kazi mahali ambapo pengine hakuna aliyepima kama kuta zinazuia mionzi.

Darasani mnafundishwa nini hasa

Wengi wanafikiri kozi ni kujua vitufe. Vitufe ni kazi ya wiki moja. Miaka inayobaki ni anatomia, fizikia ya mionzi, namna ya kumlaza na kumsimamisha mgonjwa, magonjwa, usalama, na baadaye CT, MRI (picha kwa sumaku), ultrasaundi, dawa za kung'arisha picha na utafiti mdogo wa mwisho.

Tuchukue picha ya kifua, inayopigwa kuliko nyingine karibu zote, na katika nchi yenye kifua kikuu kama yetu ina uzito wa pekee. Mgonjwa anasimama akikikabili kibao, mionzi inamwingia kwa mgongoni. Bomba la eksirei linawekwa sentimita 180 kutoka kwenye kibao. Kwa nini mbali hivyo? Kwa sababu mionzi hutawanyika kama mwanga wa kurunzi: chanzo kikikaribia, moyo unaonekana mkubwa kuliko ulivyo, na mtu mwenye afya anaandikiwa ugonjwa wa moyo asio nao. Kidevu kinainuliwa, mikono inawekwa kiunoni, mabega yanasukumwa mbele ili mifupa yake mipana iondoke juu ya mapafu. Kwa mashine yenye gridi, yaani wavu unaozuia mionzi iliyotawanyika, nguvu huwekwa kati ya kilovolti 110 na 125, na muda unakuwa mfupi sana ili mapigo ya moyo yasitie ukungu.

Kisha pumzi. Hapa lugha inakuwa sehemu ya mashine. Ukimwambia mgonjwa "pumua", mmoja atavuta hewa, mwingine ataitoa, na wa tatu atashusha pumzi kwa kudhani umemaliza. Sema "vuta hewa ndani, nyingi… ishike hapo, usiitoe", na mfanye ajaribu mara moja kabla ya picha. Kiswahili kitakusaidia kwa askari na kwa Wakongo wanaotoka kambi ya Nakivale, lakini Kampala bila Luganda utahangaika, na Arua utahitaji Kilugbara. Wanafunzi wenye busara huandika maneno haya matano au sita kwa lugha ya kila eneo wanakopelekwa.

Picha ikitoka, haitumwi kabla ya kuhesabiwa. Juu ya kiwambo cha pumzi zionekane mbavu 9 au 10 za nyuma. Zikiwa 7, mgonjwa hakuvuta hewa vya kutosha: sehemu ya chini ya mapafu itaonekana nyeupe kama nimonia na moyo utaonekana umetanuka. Ncha za ndani za mitulinga miwili ziwe umbali sawa kutoka katikati ya uti wa mgongo. Zikitofautiana, mgonjwa aligeuka. Angalia pia ncha za juu za mapafu, mahali kifua kikuu kinapopenda kukaa. Nywele zilizosukwa zikining'inia mabegani, au shanga za shingoni, hutia vivuli palepale, na daktari aliye mbali hana namna ya kujua kwamba ni msuko. Ndiyo sababu nywele hufungwa juu ya kichwa kabla ya picha.

Fizikia inayoogopwa ndiyo inayookoa ngozi ya mgonjwa. Umbali ukipungua nusu, nguvu ya mionzi inakuwa mara 4. Mgonjwa wa kiti cha magurudumu asiyeweza kusimama, ukimsogezea bomba kutoka sentimita 180 hadi 100 bila kubadilisha kipimo, unampa mionzi zaidi ya mara 3 ya iliyohitajika. Kiasi cha miliampea-sekunde, kipimo cha wingi wa mionzi inayotoka kwenye bomba, kilipaswa kushuka hadi karibu theluthi. Kanuni nyingine ya kila siku: kuongeza kilovolti kwa asilimia 15, tuseme kutoka 80 hadi 92, kunaipa picha nguvu sawa na kuongeza miliampea-sekunde maradufu. Anayeijua ataitumia kufupisha muda kwa mtoto anayefurukuta. Asiyeijua atarudia picha mara tatu.

Mashine za kidijitali zimeleta mtego wake. Zamani filamu iliyopigwa kupita kiasi ilitoka nyeusi na kila mtu akaona kosa. Sasa kompyuta inairekebisha, picha inatoka nzuri, na mgonjwa amebeba mzigo bila dalili yoyote kwenye kioo. Kipimo kidogo mno kinajionyesha kwa chengachenga, kwa hiyo mkono wa mtu unazoea kupandisha kidogo, kisha kidogo tena. Dawa yake ni kusoma namba ya kiwango cha mionzi ambayo mashine inaandika pamoja na kila picha, na kuilinganisha na ile ya mtengenezaji. Chuo kizuri kinakufundisha kuitazama namba hiyo kabla hujaisifu picha. Kwenye mashine za kaseti kuna kosa jingine: sahani isiyofutwa vizuri hubakiza kivuli cha picha iliyotangulia, na nyonga ya mtu mmoja inaonekana kwa mbali ndani ya tumbo la mwingine. Na kosa la tangu zamani, ambalo hakuna kompyuta iliyoliponya, ni kusahau alama ya kulia na kushoto au kuiongeza baadaye kwa kubahatisha. Iweke kwenye kibao kabla ya kubonyeza.

Umeme nao ufundishwe kama somo. Laini ikiwa dhaifu, mashine kubwa haifikii nguvu iliyoandikwa kwenye kioo, na picha inatoka na chengachenga ingawa kipimo kilikuwa sahihi. Mwanafunzi aliyefunzwa vizuri anajua kuuliza kwanza kuhusu umeme kabla ya kupandisha kipimo.

Mwili wako mwenyewe

Mipaka inayotumika kimataifa, kwa kipimo cha mionzi inayoupata mwili kiitwacho milisivati, ni milisivati 20 kwa mwaka kwa mfanyakazi, ikiwa ni wastani wa miaka 5, na isizidi 50 katika mwaka wowote mmoja. Kwa mwanafunzi wa kati ya miaka 16 na 18 ni 6 tu. Kwa mtu wa kawaida ni 1. Kuhakikisha hayo, unavaa dosimita, kifaa kidogo cha kupima mionzi unayopata, kifuani, chini ya aproni ya risasi, na inapelekwa kusomwa kwa vipindi. Makosa yanayoharibu usomaji ni yaleyale kila mahali: kuiacha imetundikwa chumba cha eksirei usiku kucha, kuisahau kwenye gari juani, au kuazimana. Chuo kinachokwambia "dosimita ni za wafanyakazi, si za wanafunzi" kinakudanganya kuhusu afya yako. Kataa kwa adabu, lakini kataa.

Aproni isikunjwe. Ining'inizwe au ilazwe tambarare, maana risasi ya ndani hupasuka kwenye mikunjo na ufa hauonekani kwa nje. Na usijigeuze mshikaji wa watoto wanaolia. Mzazi asiye na mimba, akiwa amevaa aproni, ndiye amshike mtoto wake. Yeye atafanya hivyo mara moja, wewe ungefanya kila siku kwa miaka thelathini. Mwanafunzi akipata mimba aseme mapema, kwa sababu mpaka wa mtoto aliye tumboni ni milisivati 1 kwa muda uliobaki, na kubadilishiwa zamu ni haki yake, haombi hisani.

Swali la mimba kwa wagonjwa linahitaji ustaarabu huohuo. Msichana akiulizwa mbele ya mama yake kama ana mimba, atakataa hata kama anayo. Mwite peke yake, muulize siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, na uandike jibu kwenye fomu.

Mazoezini

Hapa ndipo kozi nzuri na mbaya zinapoachana. Kabla ya kujiandikisha, nenda hospitali ambayo chuo kinasema kina makubaliano nayo, muulize radiografa mkuu kwa heshima: wanafunzi wangapi wanakuja kwa wakati mmoja, na mashine ngapi zinafanya kazi leo? Wanafunzi kumi na watano kwenye mashine moja maana yake kumi na wanne wanatazama mgongo wa mmoja. CT zimeanza kufika kwenye hospitali za rufaa za mikoa, jambo la kufurahisha sana, lakini CT iliyo mbovu muhula mzima haimfundishi mtu. Uliza chuo kina mpango gani mashine ikilala.

Daftari la mazoezi lisainiwe siku hiyohiyo. Anayesubiri mwisho wa muhula atakuta msimamizi amehamishwa wilaya nyingine, na picha mia moja alizopiga hazina shahidi.

Matibabu ya saratani kwa mionzi ni kazi jirani lakini si hii. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, iliharibika kabisa, na mpya ilizinduliwa rasmi mapema 2018. Anayetaka njia hiyo aangalie kama kozi yake ina sehemu ya tiba ya mionzi, na ni ya ukubwa gani.

Fedha na makaratasi

Karo iliyoandikwa kwenye kipeperushi si gharama yote. Panga pia fedha za sare, nauli na malazi ya mazoezini, uchapishaji wa utafiti, ada ya mtihani na ya usajili. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ni sindano tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu ikifika miezi sita, kwa hiyo ianze kabla hujaingia wodini. Bodi ya mikopo ya wanafunzi, HESFB, iliyoundwa kwa sheria ya 2014, hukopesha karo, ada za lazima za chuo na za utafiti kwa kozi za sayansi zilizo kwenye orodha yake, diploma na shahada. Chakula na kitanda havimo. Hivyo ndivyo vinavyowarudisha wengi nyumbani mwaka wa pili, kwa hiyo familia ivipangie mapema.

Ukimaliza, nenda AHPC kwanza, na matokeo, vitambulisho na nakala zilizothibitishwa. Usajili ni wa mara moja; leseni inahuishwa kila mwaka. Nafasi za hospitali za rufaa za serikali hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Afya, na zile za wilaya na Tume ya Utumishi ya wilaya husika, kwa hiyo fuatilia matangazo ya pande zote mbili. Jina lililo kwenye UCE (cheti cha Senior Four), UACE, diploma na kitambulisho cha taifa liwe moja, herufi kwa herufi. Kama halifanani, lirekebishe ungali mwaka wa kwanza, kwa kuwa kiapo cha mahakamani kinacholetwa wiki ya usaili mara nyingi hukuta orodha imeshafungwa.